Titi Langu Lilinitangulia Kaburini

Mimi si mwandishi. Ninaongea, binti yangu Hawa anaandika, na akijaribu kunirembea maneno namwambia afute. Nayasema haya kwa ajili ya mwanamke aliyegusa kitu mwilini mwake leo asubuhi, akakifunika haraka na kanga, akaenda kuchemsha chai kama hakuna kilichotokea. Mama, nakujua. Nimekuona mara nyingi, ila kila nilipokuona ulikuwa umeshachelewa.

Kazi yangu ni kuosha maiti. Hapa Buyenzi, mtaa wa Waswahili katika nchi ya Warundi, mwanamke wa Kiislamu akifa, ninaitwa. Nilifundishwa na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, na kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa maji wala kafuri wala namna ya kukata sanda. Alinifundisha kunyamaza. Watu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mama mkwe alikuwa na nyongeza yake: naye aizike. Ukikuta kovu, hukuliona. Ukikuta mimba ambayo mtaa hauijui, hukuiona. Mwosha mwenye mdomo haitwi tena, na asipoitwa, maiti za watu zitaoshwa na nani?

Basi nilinyamaza. Nilinyamaza siku niliyomfunua jirani mmoja ambaye kwao walisema amekufa kwa kifua, nikakuta titi limeoza hadi mbavuni. Alikuwa amelifunga kwa majivu na jani la mgomba, na juu yake amevaa sidiria mpya. Watoto wake hawakujua. Mume hakujua, au alijua na yeye akanyamaza. Baadaye nikaosha mwingine wa hivyo, na mwingine. Mikono yangu ikajifunza lile gumu linavyokaa chini ya ngozi, kokoto isiyotaka kusogea, kabla akili haijauliza jina lake.

Ndiyo maana siku niliyokuwa naoga kujitayarisha na Ramadhani, vidole vilipopita juu ya titi langu la kushoto, sikuhitaji daktari. Mkono ulilijua. Nilikaa kwenye kigoda bafuni mpaka maji yakapoa. Watu wa sokoni walizoea kunitania nikipita: mwosha huoshwa, Mama Hawa, usijisahau. Nilikuwa nawajibu kwamba nitawaosha wao wote kwanza.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Vita vilikuwa vimeshakuwa vya kila siku. Binti yetu Hawa tulishampeleka Kigoma kwa shangazi zake. Mume wangu Saidi, fundi wa magari, alikuwa anafunga gereji jua likiwa bado juu. Hospitali yenye daktari wa kukata ilikuwa upande wa Kamenge, na Kamenge yenyewe ilikuwa imebaki kuta, mabati na milango vimekwenda. Kutoka kwetu hadi kule unapita mitaa ambayo kila mmoja ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikusoma uso kabla ya kukuuliza jina. Nilimwambia Saidi baada ya Idi, kwa sababu sikutaka kumharibia futari yake.

"We unajuaje?" akaniuliza.

"Najua."

"Umeonyesha nani?"

"Nimejionyesha mwenyewe, Baba Hawa. Miaka yote hii nawagusa wanawake wa mtaa huu. Najua ninachogusa."

Kesho yake alichukua pikapu ya mteja, akaniweka mbele, na dada yake Mariamu nyuma na sufuria, makaa na mbabura, jiko letu la kupikia. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Lazima awe na gadimaladi, ndugu wa kumpikia, kumfulia, kumgeuza kitandani. Mariamu alikuwa mjane. Mumewe alitoka siku moja kwenda kutafuta mchele, mpaka leo hatujui amelala wapi. Aliposikia naumwa hakuuliza chochote, alifunga tu mizigo yake.

Kusubiri, hiyo ni kazi kubwa kuliko ugonjwa. Tulikaa kwenye benchi la sementi, nje ya mlango uliokuwa na rangi ya kijani iliyobambuka. Wengine walikuwa na mikono imefungwa, wengine na risasi ndani ya paja, na hao walipita mbele yetu kila walipoletwa. Haki yao, damu haingoji. Lakini ukikaa pale unaelewa kwamba ugonjwa wako ni wa kuua polepole, na katika nchi inayouana haraka, wa polepole anaambiwa arudi kesho. Tulirudi kesho. Tukarudi tena.

Siku ya kurudi ya mwisho, mwanamke mrefu mwenye sweta la bluu juu ya gauni jeupe alisimama mbele yangu. Tunawaita wauguzi muforoma. Alikuwa na miguu yenye vumbi, na viatu vyake vya kazi amevishika mkononi.

"Mama, mara ya ngapi unakaa hapa?"

"We hesabu, mi nimechoka."

Akacheka kidogo. "Unaumwa nini?"

Sikumjibu kwa mdomo. Niliushika mkono wake nikauingiza chini ya mtandio wangu, pale benchini, watu wakiwa wamegeukia kwingine. Alikaa na mkono wake pale muda kidogo. Kisha akavaa viatu, akaingia kwenye ule mlango bila kubisha, na daktari akanipokea asubuhi hiyo hiyo. Huyo ndiye Spesioza.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa veranda, karibu na pale wanapofulia mashuka. Watu wa hospitali walikiita chumba cha kanseri, wakiwa wamekunja pua, maana vidonda vile vina harufu, sitakuficha. Yeye alikuwa ameshona vifuko vya kitambaa, akatia makaa yaliyotwangwa, akavitundika chini ya kila kitanda, na harufu ilipungua kweli. Alinisimulia baadaye kwamba alikuwa muforoma wa uzazi. Alipenda kuzalisha. Wakamwambia nenda kule nyuma miezi michache, aliyekuwepo amekataa. Daktari mgeni aliyemfundisha kuchanganya dawa za kanseri na kufunga vidonda aliondoka vita vilipoanza, akamwachia jozi ya glavu na miwani yake ya kazi. Miezi michache ikawa miaka. Nilimuuliza kwa nini hakuomba kurudi uzazi.

"Nikitoka, wataufunga huu mlango," akasema. "Mi ndiye mlango."

Alikuwa anakaa Ngagara, na kila asubuhi alivuka kwa miguu kuja Kamenge, wakati ambapo watu wa Ngagara na watu waliofukuzwa Kamenge hawakuwa na salamu. Majirani zake walimwambia anaenda kuwatibu waliowaua ndugu zake. Na wagonjwa nao, wengine walimwogopa. Nilikuwepo siku mama mmoja wa kutoka milimani alipouvuta mkono wake na kukataa sindano, akisema kwa Kirundi kwamba hawezi kutiwa sumu na mtu wa upande ule. Spesioza aliweka sindano chini. Akavuta kiti, akakaa pembeni ya kile kitanda akishona vifuko vyake vya makaa, hasemi neno, mpaka mama yule mwenyewe akanyoosha mkono. Nilimuuliza kama hakukasirika. Akasema alikasirika sana, ndiyo maana alishona, kwa sababu mkono wenye hasira haupati mshipa.

Kabla ya kukatwa nilikuwa na sharti langu. Nilimwambia daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, "Mkishalikata, mtanipa."

"Nini?"

"Titi langu. Sisi kiungo cha mtu hakitupwi. Kinazikwa."

Alisema hospitali inachoma, ndio utaratibu, na kwamba ana kazi nyingi. Nikamwambia basi na mimi nina kazi nyingi, narudi nyumbani. Mariamu alinifinya. Spesioza, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza, "Kwenu inazikwa, ni kweli?"

"Hayo ni mambo ya kaburi, nitakudanganya?"

"Sawa," akasema. "Mi nitaangalia. Ingia ndani, mama."

Niliingia mvua ya masika ikipiga mabati. Nilipoamka kifua kilikuwa kizito upande ambao hakukuwa na kitu tena, na hilo hakuna aliyewahi kuniambia, kwamba kisichokuwepo kinauma na kina uzito. Mkono wa kushoto haukuinuka. Kwa siku nyingi Mariamu alinifunga mtandio, akanisaidia kutayamamu kwa udongo alioutia kwenye kopo, akanilisha uji wa mtama. Aliponifunika alikuwa anageuza uso kwa haya.

Saidi alikuja kila aliporuhusiwa na barabara. Alisimama kwenye miguu ya kitanda, akaangalia dirisha. Tuliporudi nyumbani alihamishia godoro lake gereji, akasema magari yanaibwa. Gari lililokuwa pale halikuwa na injini, wezi wangeliburuta kwa kamba? Niliuma meno nikamwacha aende na godoro lake. Usiombe kumwona mume wako anakuogopa, inauma kuliko kisu.

Titi langu lilikuwa bado kule hospitali. Walikata kipande cha kuangalia, na lililobaki Spesioza alilihifadhi kwa dawa. Siku ya kubadilishwa bandeji vijana waliua mji, ville morte tulivyoiita: hakuna gari, hakuna duka, mawe barabarani, na anayetembea anaulizwa anaenda kwa nani. Nikajua sibadilishwi. Nilikuwa nimelala, natoka jasho, nasikia kidonda kinanivuta, Mariamu anasonga ugali uani. Nikasikia hodi ya mtu aliyechoka.

Alikuwa Spesioza, peke yake, kwa miguu. Alikuwa amebeba kikapu cha bandeji, na mkebe wa maziwa ya unga uliofungwa na plasta za hospitali.

"Ihangane, mama," akasema. Ndilo neno la Warundi la kumpa pole mtu. "Nimechelewa kidogo."

Alikunywa maji kwanza. Kisha akatusimulia. Penye kizuizi, vijana wenye virungu walimwambia afungue mkebe. Akawaambia ni kitu cha mgonjwa. Wakasema ni risasi, afungue. Akafungua. Yule aliyeinama kuchungulia alirudi nyuma akakaa juu ya jiwe. Mwenzake akauliza ni nini hiyo.

"Nikamwambia ni titi ya mama mumoja wa Buyenzi," Spesioza akasema. "Nampelekea azike. Akaniangalia sana. Akasema, watu wazima wanaoza mutoni hakuna hata wa kuwafunika shuka, na we unatembea na titi ili izikwe? Nikamwambia ndiyo, angalau hii." Akapiga funda la maji. "Akanisogezea mawe nikapita. Akaniambia niseme pole kwa mama."

Saidi alikuwa amesimama mlangoni na mafuta ya gari mikononi, amesikia yote. Hakumsalimu hata mgeni. Alienda kisimani, akanawa mpaka viwiko, akarudi, akauchukua ule mkebe kwa mikono miwili. Nikampa kipande cha sanda kutoka kwenye sanduku langu la kazi. Alienda makaburini kwa njia za nyuma akalizika miguuni pa mama yake. Aliporudi alikuwa na udongo kwenye magoti, na macho yamevimba. Akaingia chumbani wakati Spesioza amenifunua ananifunga, mara ya kwanza kukiona kifua changu. Akakaa sakafuni.

"Limelala vizuri," akasema. Godoro lake alilirudisha mwenyewe jioni.

Kisha zikaja serumu, chupa za dawa ya kanseri za kutundikwa na kuingizwa mshipani. Nilizipata kwa awamu, kipindi chote cha kiangazi, vumbi la Kamenge likiingia dirishani na jua jekundu. Dawa ilikuwa ya njano, Spesioza aliichanganya dirishani na miwani ya yule daktari mgeni. Alinikanda mkono kwa kitambaa cha maji moto mpaka mshipa ujitokeze. Serumu ya kwanza nilitapika. Ya pili nywele zilibaki kwenye kitana, nikashukuru kwa mtandio wangu. Mariamu akasema sasa nimeachana na wasusi. Ya tatu kinywa kilitoka vidonda, na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, wanaokaangwa uani ilinifanya nilie kama mtoto mchanga. Kucha zikawa nyeusi. Siku nyingine dawa haikuwepo mjini, tukarudi nyumbani tukingoja, na kungoja huko kulinitisha kuliko kutapika. Spesioza alizunguka mjini na karatasi ya daktari mpaka akaipata. Alikuja na limau ndani ya mfuko wa gauni, akalikata vipande vyembamba, ninyonye dawa ikiingia. Ukipewa serumu, nyonya limau. Hilo ndilo ninaloweza kukushauri kuhusu dawa, mengine muulize muforoma wako.

Ilikuwa kwenye mojawapo ya serumu hizo Mariamu alipomwambia kazi yangu. Spesioza aliacha alichokuwa anafanya.

"We ni mwosha? Basi umeshaona."

"Nimeona."

"Wengi?"

"Mwosha hasemi."

Akavuta kile kiti chake. "Mi sitaki majina, Mama Hawa. Sikia. Wanawake wa kwenu wanafika hapa titi imeshatoboka. Nawafunga, nawapa limau, wanakufa. Halafu we unawapata. Mi na we tunapokea mutu yule yule, mi mbele, we nyuma. Huko nyumbani, mbele ya wote wawili, hakuna mutu. Mukono yako inajua. Kwa nini haiwagusi wakiwa wazima?"

"Kwa sababu wataniuliza nimejulia wapi. Nikiwaambia, nimewavua nguo marehemu wao."

"Hata usiposema jina?"

"Buyenzi ni ndogo. Wataanza kuhesabu niliowaosha."

Alikasirika, nikaona. Alichukua sindano na uzi. Nami nilikasirika, nikageukia ukuta. Sikuwa na kosa na sijioni kuwa na kosa mpaka leo. Amana ya maiti ni amana. Mariamu alikuwa amekaa sakafuni kati yetu, anachambua mboga za lengalenga, anasikia kila neno.

Serumu ya mwisho niliipata mvua ya kwanza ilipoanza kunukia. Daktari alisema nirudi kuangaliwa, ila kwa sasa nimeponyoka. Tulichinja kuku. Baada ya kula Mariamu aliosha vyombo, akavifuta kimoja kimoja, akavipanga. Akaja kukaa mkekani mbele yangu, akafungua vifungo vya blauzi.

"Wifi, niguse hapa."

Nikagusa. Sikuhitaji kubonyeza. Ngozi ilikuwa imeshashikana na kilichokuwa chini, imejikunja kama ganda la chungwa, na kwapani kulikuwa na magumu mengine.

"Tangu lini?"

"Tangu serumu yako ya pili. Ilikuwa ndogo."

"Mariamu. Tulikuwa hospitali. Tulikuwa tumekaa na Spesioza chumba kimoja. Kwa nini hukusema?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Nikilazwa na mi, nani angekupikia? Kaka ana gereji, Hawa yuko Kigoma. Nikasema huyu amalize kwanza, halafu zamu yangu."

Hivyo ndivyo tulivyo. Gadimaladi haumwi. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini kila mwanamke wa mji huu anaijua: mgonjwa ni mmoja kwa wakati, wengine wanasubiri. Alikuwa amepika uji wangu, amefua matapishi yangu, ameteka maji, na mkono wake wa kulia tayari ulikuwa umeanza kuvimba. Nililia mbele yake bila aibu. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Spesioza alipomwona hakusema neno la lawama. Alimwingiza, akakatwa, akapewa serumu za njano zilizopatikana. Mimi ndiye niliyekuwa gadimaladi sasa, na mkono mmoja mzima na mwingine wa kushikia mwiko tu. Sikuweza kumgeuza mtu mrefu vile. Spesioza akanifundisha kumviringisha na shuka. Ikaja Ramadhani nyingine, masika nyingine. Kidonda cha Mariamu kilikauka upande mmoja kikafunguka upande mwingine. Risasi zilisikika kutoka milimani, yeye anauliza kama ni ngurumo, nami nasema ni ngurumo.

Wakati wa kiangazi alianza kukohoa. Akataka kurudi nyumbani, na Spesioza akasema apewe anachotaka, kisha akawa anakuja Buyenzi kumfunga kila barabara ilipokubali. Hakumdanganya hata siku moja. Mariamu alimuuliza kama atapona, akasema, "Apana, dada. Lakini harufu na maumivu, hayo tutapigana nayo." Na walipigana nayo kweli. Mpaka mwisho Mariamu alinuka sabuni.

Siku moja aliniona nakunja sanda yangu ya akiba, akaniita. Sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu.

"Wifi, utaniosha we?"

"Nani mwingine?"

"Basi nikishaondoka, uwaambie. Wanawake wote. Waambie niliona ikiwa ndogo nikangoja zamu. Mi nakuruhusu. Usinifiche."

"Mariamu, sheria..."

"Aibu ni yangu au yako?"

"Yako."

"Basi nimekupa."

Alifariki baada ya adhana ya alasiri. Nilimwosha. Wasaidizi wangu wawili walishika pazia kama ilivyo desturi, na mimi nikamwaga maji upande wa kulia kwanza, taratibu, juu ya pale palipokatwa, juu ya bandeji ya mwisho ambayo Spesioza aliifunga asubuhi ya jana yake. Niliifungua. Kidonda kilikuwa safi. Miaka yote ya kazi yangu sikuwahi kumwosha mwanamke wa ugonjwa huu bila majivu, bila jani, bila kukuta alichokificha. Kwa Mariamu sikukuta siri. Nikamtia kafuri, nikamfunga.

Wanaume walipomchukua kwenda kuzika, wanawake walibaki ndani, mikeka imejaa mpaka uani. Spesioza alikuwa amekaa karibu na mlango na rozari yake ndani ya mfuko, ametoka Ngagara kwa miguu. Nikasimama. Nilijua nikifungua mdomo huenda sitaitwa tena kuosha mtu Buyenzi.

"Marehemu ameacha wasia," nikasema. "Ameniambia niwaambie alichokufa nacho."

Nikawaambia. Uji, serumu ya pili, zamu. Sikumtaja maiti mwingine yeyote. Kisha nikafungua mtandio wangu, nikawaonyesha kifua changu mwenyewe, kovu na upande uliobaki, kwa sababu mwili wangu ni wangu na sihitaji ruhusa ya mtu. Kuna aliyesema astaghfirullah. Kuna aliyefunika uso. Nikawaambia, "Mimi mikono yangu itawagusa nyote, hilo mnalijua. Ama mje kwa miguu yenu niwaguse wazima, ama mletwe. Chagueni."

Nikakaa. Nikafikiri yameisha, nimejivunjia kazi bure. Mtu akaanza kusoma Yasini, wengine wakafuatia, na kikombe cha kahawa kikapitishwa.

Kabla kisomo hakijaisha, mwanamke aliyekuwa amekaa nyuma yangu akanivuta ukingo wa nguo. Sikugeuka kumtazama ni nani, nilimnyooshea tu mkono aushike. Tuliinuka pamoja kuelekea chumba cha ndani, na nilipopita mlangoni nikamgusa Spesioza begani, nikamwambia anawe mikono aje.